Italiki katika Maandishi ya Kiingereza: Wapi Iwekwe, Wapi Isiwekwe

Soma sentensi hii:

> She published an article in Kiswahili.

Huenda mwandishi huyo aliandika kwa lugha ya Kiswahili. Huenda pia aliandika kwa Kiingereza, na makala yake ikatoka katika jarida liitwalo *Kiswahili*, lile la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Msomaji hana namna ya kujua. Sasa soma hii:

> She published an article in *Kiswahili*.

Shaka imekwisha. Ndivyo ilivyo pia kwa *Transition*, jarida lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, na kwa *Nature* na *Science*: yote ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, na bila italiki yanazama ndani ya sentensi. Kazi ya italiki, au hati mlazo kama wengine waiitavyo, ni kumwonyesha msomaji kwamba maneno haya yana kazi tofauti na ya jirani zao: ni jina la kazi fulani, au ni neno linalotajwa tu, au limetoka lugha nyingine. Ukiiweka kama pambo, msomaji ataacha kuiamini, na pale itakapohitajika haitamsaidia.

Kwanza, jua unafuata mwongozo gani

Hakuna sheria moja ya Kiingereza kuhusu italiki. Kuna miongozo, na inapingana katika mambo kadhaa. Utakayokutana nayo zaidi ni minne. Chicago, yaani *The Chicago Manual of Style*, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1906 na sasa iko katika toleo la 18 la mwaka 2024, hutumiwa na wachapishaji wa vitabu na wanahistoria. MLA (Modern Language Association), toleo la 9 la mwaka 2021, ni ya watu wa fasihi na lugha. APA (American Psychological Association), toleo la 7 la mwaka 2019, ndiyo inayotawala katika saikolojia, elimu na sehemu kubwa ya sayansi za jamii. AP (shirika la habari la Associated Press) ni ya vyombo vya habari vya Marekani, nayo haitumii italiki kabisa: jina la kitabu au filamu huwekwa ndani ya alama za nukuu, na jina la gazeti huachwa bila alama yoyote. Sababu yake ni ya kiufundi, kwani mitambo ya kusambaza habari haikuweza kubeba italiki. Uingereza, wahariri wengi hufuata kanuni za Oxford zijulikanazo kama New Hart's Rules.

Kama chuo chako kina kijitabu chake cha kuandikia tasnifu, hicho ndicho kinachoshinda. Makosa mengi katika tasnifu hayatokani na kutojua kanuni. Yanatokana na mtu kunakili sura ya pili kutoka makala ya APA na sura ya nne kutoka kitabu cha Chicago, kisha akaviacha viishi pamoja.

Majina ya kazi: nzima au kipande?

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na swali la kujiuliza ni moja. Je, kazi hii inasimama peke yake, au imo ndani ya kazi nyingine? Inayosimama peke yake hupewa italiki. Iliyomo ndani ya nyingine hupewa alama za nukuu. Riwaya, diwani, gazeti, jarida, tamthilia, filamu, mfululizo wa televisheni, albamu, podikasti, mchoro na sanamu ni kazi nzima. Sura ya kitabu, makala, hadithi fupi, shairi fupi, wimbo na sehemu moja ya mfululizo ni vipande.

> Achebe took the title *Things Fall Apart* from Yeats's poem "The Second Coming."

Riwaya ya Achebe ilitoka mwaka 1958 ikiwa kitabu kamili, kwa hiyo italiki. Shairi la Yeats huchapwa ndani ya diwani, kwa hiyo alama za nukuu. Ukubwa wa heshima ya kazi hauhusiki. Shairi hilo ni maarufu kuliko riwaya nyingi, lakini bado ni kipande. Vivyo hivyo, gazeti la kijiji lenye kurasa nne hupata italiki sawa na *Daily Nation*.

Jina moja linaweza kuwa la kazi nzima na la kipande kwa wakati mmoja:

> "Pata Pata" is the best-known song on *Pata Pata*, the album Makeba released in 1967.

Na jina linaweza kuwa la mtu na la kazi:

> Othello trusts Iago for most of *Othello*.

Othello wa kwanza ni mhusika, wa pili ni tamthilia. Mwanafunzi anayeweka italiki kote, au asiyeiweka popote, anamlazimisha msahihishaji akisie kila mara. Katika insha ya fasihi kosa hili ni la kuepukwa kuliko yote, kwa sababu tamthilia na riwaya nyingi hubeba majina ya wahusika wake.

Shairi huleta mashaka kwa sababu ya urefu. Utenzi unaotosha kuwa kitabu hupata italiki, kwa mfano *Paradise Lost* au *Utendi wa Mwana Kupona* wa mwaka 1858. Shairi la beti chache hupata alama za nukuu. Tamthilia, hata ya onyesho moja, ni italiki siku zote. Tasnifu isiyochapishwa huwekwa ndani ya alama za nukuu na Chicago, ilhali APA huipa italiki katika orodha ya marejeleo. Tovuti nazo zimegawanya miongozo: MLA huipa tovuti nzima italiki, Chicago huiacha wima, yaani bila kuilaza kwa italiki, isipokuwa ikiwa inafanana na gazeti au jarida, na APA huweka italiki kwenye kichwa cha ukurasa ulioutumia, huku jina la tovuti likibaki wima.

Alama za nukuu zenyewe hutofautiana. Wamarekani hutumia za mistari miwili, na nukta au koma huingia ndani kama inavyoonekana kwenye mfano wa Yeats. Waingereza wengi hutumia za mstari mmoja, na nukta hukaa nje kama si sehemu ya jina.

Vitabu vya Kiswahili vikitajwa ndani ya Kiingereza

Kitabu cha Kiswahili hupewa italiki kwa sababu ni kitabu, si kwa sababu ni cha lugha ya kigeni. Kwa hiyo hata ukiamua kutoweka italiki kwenye maneno ya Kiswahili, jambo tutakalolifikia mbele, majina ya vitabu yanabaki na italiki yake. Shairi fupi la Kiswahili linabaki ndani ya alama za nukuu kama shairi jingine lolote.

Herufi kubwa ni suala jingine. Kwa majina ya lugha nyingine, Chicago inapendekeza herufi kubwa kwenye neno la kwanza na majina maalumu tu, hivyo kitabu cha Shaaban Robert huandikwa *Maisha yangu na baada ya miaka hamsini*. Wachapishaji wetu wengi huandika kila neno kwa herufi kubwa. Chagua moja, uifuate kwa vitabu vyote vya Kiswahili katika kazi yako.

Ukitaka kumpa msomaji tafsiri ya jina, iweke ndani ya mabano mara baada ya jina la asili. Tafsiri ikiwa ni yako, iandike kwa herufi za kawaida. Ikiwa tafsiri hiyo imechapishwa kama kitabu, nayo ni kazi nzima, hivyo ipe italiki:

> Nyerere's *Mabepari wa Venisi*, published in 1969, is a translation of *The Merchant of Venice*.

Italiki inaanzia wapi na kuishia wapi

Mhariri hutambua haraka maandishi yasiyokaguliwa kwa kutazama kingo za italiki. Koma, nukta na mabano yanayokuja baada ya jina ni mali ya sentensi, kwa hiyo yanabaki wima. Alama iliyo sehemu ya jina lenyewe inalala pamoja nalo: alama ya kuuliza katika *Who's Afraid of Virginia Woolf?* ni ya tamthilia, hivyo ina italiki. Ile *'s* ya umilikaji haina italiki:

> the *Daily Nation*'s editor

Herufi *n* ya mwisho imelala, lakini alama na herufi inayoifuata zimesimama. Ukibofya neno mara mbili na kuweka italiki, programu nyingi zitalichukua neno pamoja na kiambatisho chake, na pengine na nafasi inayofuata. Kwa hiyo chagua herufi kwa kuburuta kipanya, au kwa kushika Shift na mshale.

Neno The mwanzoni mwa jina la gazeti linahitaji uamuzi mmoja. APA huliacha kama sehemu ya jina: *The Citizen*, *The EastAfrican*. Chicago kwa muda mrefu imeliacha nje ya italiki, kwa herufi ndogo. Hata ukiwa umelibakiza, linaanguka lenyewe pale sentensi isipolihitaji, kama unapoandika a *Citizen* reporter.

Jina la kazi likiwa ndani ya jina la kazi nyingine ni fundo linalowasumbua wengi. Tuseme kitabu cha mfano kinahusu *Othello*. Chicago huacha jina zima katika italiki na kulizungushia la ndani alama za nukuu, hivyo: *Reading "Othello" in Nairobi*. MLA hufanya kinyume, yaani la ndani husimamishwa wima: *Reading* Othello *in Nairobi*. Njia zote mbili ni halali. Usizichanganye ndani ya orodha moja ya marejeleo.

Majina yasiyopewa chochote

Vitabu vitakatifu huandikwa wima bila alama: the Bible, the Quran, Genesis. Toleo fulani lililochapishwa kwa jina lake, kwa mfano *The New Oxford Annotated Bible*, hupata italiki kwa kuwa sasa unataja chapa mahususi. Katiba na sheria za bunge hubaki wima. Majina ya mfululizo wa vitabu pia: *Things Fall Apart* kilikuwa kitabu cha kwanza katika African Writers Series, na jina la mfululizo huo halilazwi. Kichwa cha kazi yako mwenyewe, kwenye jalada la tasnifu au juu ya insha, hakiwekewi italiki wala alama za nukuu. Kikiwa na jina la kitabu ndani yake, jina hilo peke yake ndilo linalolala.

Maneno ya Kiswahili ndani ya Kiingereza

Kanuni ya kawaida inasema neno la lugha nyingine ambalo halijaingia katika kamusi ya Kiingereza hupewa italiki, na lililokwisha kuingia huandikwa wima. Safari limo katika kamusi zote kubwa, hivyo kuliwekea italiki kunaonekana ajabu. Kamusi ya Oxford ina matatu vilevile. Chicago hutegemea kamusi ya Merriam-Webster, na Waingereza hutegemea Oxford. Neno laweza kuwa katika moja na likakosekana katika nyingine, kwa hiyo amua mapema kamusi yako ni ipi, kisha tafuta kila neno humo. Usiamue kwa kusikilizia.

> The women sat on the *baraza* plaiting a *mkeka*.

Chicago inapendekeza neno linalojirudia lipewe italiki mara ya kwanza tu, pale linapofafanuliwa, kisha liandikwe wima. Kurasa hubaki safi, na msomaji anakuwa ameshalifahamu neno. Ufafanuzi uwe mfupi, ndani ya koma mbili au mabano, na utolewe mara moja. Kazi yenye maneno mengi ya namna hii iwekewe faharasa mwishoni.

Wingi huwaponza wengi. Ukiandika *mkeka* kisha ukaubandika s ya Kiingereza, utakuwa na neno nusu limelala na nusu limesimama, na lisilo la lugha yoyote. Tumia wingi wa Kiswahili, *mikeka*, ukiwa na uhakika kwamba msomaji ameshaona umoja wake, au geuza sentensi ili umoja utoshe.

Majina maalumu hayapewi italiki kwa kigezo cha lugha. Kariakoo, Chama cha Mapinduzi, Bunge, Baraza la Kiswahili la Taifa: yote yanabaki wima, na pia cheo kinachoambatana na jina la mtu, kama Mwalimu Nyerere au Bi. Halima. Sentensi nzima ya Kiswahili iliyonukuliwa kutoka kwa msailiwa huwekwa ndani ya alama za nukuu bila italiki, kwani alama hizo zimeshaonyesha kwamba maneno si yako. Katika tasnifu za Afrika Mashariki kosa hili liko kila mahali: kurasa za mahojiano zimelala kuanzia juu hadi chini, zinachosha macho, na mahali mwandishi alipotaka kuweka mkazo hapaonekani tena.

Vifupisho vya Kilatini vilivyozoeleka, yaani et al., e.g., i.e., etc. na ibid., havipewi italiki na Chicago wala APA. Neno *sic* ndilo Chicago inaloendelea kulilaza, likiwa ndani ya mabano ya mraba.

Waandishi wengi wa Kiafrika hawataki tena Kiswahili chao kilazwe ndani ya Kiingereza, na hoja yao ina uzito. Kwa mhusika wa Mwanza anayekula ugali, ugali si kitu cha kigeni. Italiki hapo inamwambia msomaji kwamba hadithi imeandikwa kwa ajili ya mtu wa nje. Katika riwaya na hadithi fupi, tunashauri maneno hayo yasimame wima tangu ukurasa wa kwanza, na mchapishaji aambiwe hivyo kwa maandishi kabla uhariri haujaanza. Katika makala ya kitaaluma, italiki ya mara ya kwanza bado inasaidia, kwa sababu wasomaji wanatoka fani na nchi nyingi na wanahitaji kujua istilahi ipi itafafanuliwa.

Neno linapotajwa kama neno

Neno likiwa ndilo mada ya sentensi, litenge:

> The word *however* appears twice in the abstract.

Bila italiki, msomaji huanza kulisoma however kama kiunganishi na sentensi inamwangukia. Herufi moja moja nayo hulazwa: the letter *s*. Chicago na MLA hutumia italiki kwa kazi hii. APA ya toleo la 7 hutumia alama za nukuu kwa maneno na herufi zinazotajwa kama mifano ya lugha, na huhifadhi italiki kwa istilahi muhimu mara ya kwanza inapofasiliwa. Tofauti hii huwapita hata walimu, hasa waliojifunza APA kwa matoleo ya zamani.

Anayeandika isimu ya Kiswahili kwa Kiingereza ana desturi yake ya kufuata: umbo la neno kwa italiki, maana kwa alama za nukuu za mstari mmoja, bila koma katikati.

> The noun *kitabu* 'book' takes the plural *vitabu*.

Istilahi nayo hulazwa pale inapofasiliwa tu. Ukifasili *code-switching* ukurasa wa 3, ukurasa wa 4 iandike wima.

Mkazo

Italiki ya mkazo inaruhusiwa, lakini itumie kwa ubahili. Kiingereza hubeba uzito mwishoni mwa sentensi, hivyo mara nyingi kinachohitajika ni kulihamisha neno, si kulilaza. Ibakize pale sentensi inaposomeka kwa njia mbili na mkazo ndio unaochagua:

> I said she *could* leave, not that she should.

Ukiongeza italiki ndani ya maneno ya mtu mwingine, lazima useme. APA hutaka maneno emphasis added ndani ya mabano ya mraba mara baada ya neno ulilolilaza, na Chicago huyaweka ndani ya mabano baada ya nukuu. Kutosema ni kubadilisha maneno ya mwenzako bila ruhusa. Aya nzima ya italiki haisisitizi kitu, na inawatesa wasomaji wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno. Chama cha disleksia cha Uingereza kinashauri kuepuka italiki na kupigia mstari, na kutumia herufi nzito pale mkazo unapohitajika.

Viumbe, meli, kesi na takwimu

Jina la kisayansi la kiumbe hulazwa lote: *Anopheles gambiae*, *Plasmodium falciparum*, *Syzygium aromaticum* kwa mkarafuu. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na baada ya kutajwa mara ya kwanza jenasi hufupishwa: *P. falciparum*. Ngazi za juu, kama familia ya Felidae, husimama wima katika maandishi mengi. Vifupisho sp., spp., subsp. na var. husimama wima siku zote, hata vikiwa katikati ya maneno yaliyolala. Jina la kisayansi likigeuka kuwa neno la kawaida huacha italiki: kahawa ni *Coffea arabica* katika makala ya botania, lakini arabica coffee sokoni.

Jina la meli hulazwa, kifupisho kinachotangulia husimama: MV *Bukoba*, MV *Liemba*. Aina ya ndege, kama Boeing 787, haina italiki. Jina la kesi mahakamani hulazwa ndani ya sentensi, kama *Donoghue v Stevenson* ya mwaka 1932, na Waingereza hawaweki nukta baada ya v.

Katika sura ya matokeo, alama za takwimu za herufi za Kilatini hulazwa: *p*, *t*, *F*, *n*, *M*, *SD*. Herufi za Kigiriki kama α na χ haziguswi, wala tarakimu. Kwa fizikia, alama ya kiasi hulala na alama ya kipimo husimama: *m* ni masi, m ni mita. Kukosea hapa kunabadilisha maana ya mlinganyo.

Orodha ya marejeleo

Makala moja ya mwaka 1953 katika *Nature* yaonyesha tofauti zote. Kwa APA:

> Watson, J. D., & Crick, F. H. C. (1953). Molecular structure of nucleic acids: A structure for deoxyribose nucleic acid. *Nature*, *171*(4356), 737–738.

Kichwa cha makala hakina italiki wala alama za nukuu. Jarida na namba ya juzuu vimelala. Namba ya toleo iliyo ndani ya mabano imesimama, pamoja na mabano yenyewe na kurasa. Mahali panapokosewa zaidi ni kati ya 171 na mabano. Kwa Chicago:

> Watson, J. D., and F. H. C. Crick. "Molecular Structure of Nucleic Acids: A Structure for Deoxyribose Nucleic Acid." *Nature* 171, no. 4356 (1953): 737–38.

Kichwa kimepata alama za nukuu, na juzuu imesimama. MLA ni karibu na Chicago: jarida pekee ndilo lililolala.

APA ina mtego mwingine. Kitabu katika orodha huandikwa *Things fall apart*, herufi kubwa mwanzoni tu, lakini ndani ya sentensi zako huandikwa *Things Fall Apart*. Na kichwa cha makala, ambacho katika orodha hakina alama, hupewa alama za nukuu kikitajwa ndani ya sentensi.

Kuiweka: kalamu, kompyuta, simu

Kwa kalamu, pigia mstari. Enzi za taipureta mstari chini ya neno ulimwambia mpanga chapa alaze neno hilo, na katika chumba cha mtihani bado una maana hiyo. MLA ilihama rasmi kutoka mstari kwenda italiki mwaka 2009. Kwenye kompyuta usitumie vyote viwili kwa neno moja.

Katika Word na Google Docs ni Ctrl+I, au Command+I kwenye Mac. Ctrl+Shift+V hubandika maneno bila mtindo, yaani italiki zote zinapotea, kwa hiyo usiitumie kwa marejeleo. Katika LaTeX, mfumo wa kupanga chapa kwa amri, \emph ni bora kuliko \textit kwa mkazo, kwani husimamisha neno lenyewe pale aya inapokuwa imelala. Anayejenga ukurasa wa HTML atumie cite kwa jina la kazi, em kwa mkazo, na i kwa spishi, meli na maneno ya lugha nyingine.

WhatsApp hulaza maneno yaliyo kati ya mistari miwili ya chini: _Transition_. Mahali pasipo na italiki, kama sehemu nyingi za mitandao ya kijamii, tumia alama za nukuu. Usinakili zile herufi za mapambo zinazofanana na italiki. Si herufi za kawaida, na programu zinazowasomea wasioona huzitaja vibaya au kuziruka, na utafutaji hauzioni.

Ukaguzi wa mwisho katika Word

Kabla ya kutuma kazi, fungua Advanced Find, bonyeza More, kisha Format, kisha Font, uchague Italic. Acha sehemu ya maneno ikiwa tupu, ubonyeze Find Next. Programu itakupeleka kwenye kila italiki moja baada ya nyingine. Kwa kila moja jiulize ni ya aina gani: jina la kazi nzima, neno la lugha nyingine, neno linalotajwa, spishi, au mkazo. Isiyoingia popote iondoe kwa Ctrl+Space, ukijua kwamba amri hiyo huondoa pia herufi nzito na mitindo mingine uliyoweka kwa mkono.

Kisha fanya kinyume. Andika orodha ya vitabu, majarida na spishi zote ulizozitaja, tafuta kila jina, na uangalie kama kuna mahali lilisahauliwa limesimama. Majina yanayofanana na wahusika, kama Othello, yakague kwa jicho, kwani hapo utafutaji hauwezi kukuamulia.

Anayetumia Zotero, programu ya kutunza marejeleo, akague vichwa vya makala vyenye majina ya viumbe. Programu haijui kwamba *Anopheles gambiae* inapaswa kulala, hivyo fungua rejeleo hilo na uzungushie jina alama za <i> na </i> ndani ya sehemu ya kichwa. Baada ya hapo toa PDF, uipitie orodha ya marejeleo mstari kwa mstari, ukitazama nafasi kati ya juzuu na mabano.